Wimbo Ambao Bibi Hakuuimba

Jumanne, 22 Julai

Sijamwambia mtu yeyote hili, na hata kwenye sala huwa naliruka: wimbo wa Bibi si wa Bibi. Niliutunga mimi.

Basi. Nimeandika. Paa halijaanguka.

Muhula wa tatu umeanza leo na nimechukua daftari la hesabu lililobaki na kurasa nyingi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilisoma nacho Kigoma mpaka darasa la nne, kabla hatujaja Durban na shule kugeuka Kiingereza. Kwa Kiingereza naandika kama mtu anayesubiri alama. Hapa hakuna wa kunipa alama.

Ilikuwa Juni. Mimi na Abby tunapiga muziki wawili tu, mimi fidla, yeye gitaa, na siku akijisikia, banjo. Abby ni Mkenya, ana miaka kumi na saba, baba yake anafundisha chuo kikuu. Tunafanya mazoezi kwenye ngazi za ghorofa yetu hapa Umbilo kwa sababu sauti inazunguka pale vizuri kuliko kanisani. Lifti imekufa tangu Machi, kwa hiyo tunajiita Lifti Mbovu. Tunapiga kila kitu. Klasiki, kwa sababu ndiyo niliyofundishwa. Jazi, kwa sababu ya vidole vya Abby. Halafu bluegrass, ule muziki wa milimani huko Marekani ambao banjo linakimbia kama mtu aliyeachwa na taxi na fidla inamkimbilia nyuma na mkoba wake. Tunavichanganya mpaka jirani wa chini anauliza ni wimbo mmoja au nyimbo nne.

Abby ana sheria moja: kila wimbo una kadi. Kwenye kadi anaandika umetoka kwa nani, wapi, na namna mwenyewe alivyoupiga. Wa kwao, wa Kikamba, ambako bibi ni susu, kadi yake inasema: *Susu Zilpah, Machakos. Anaupiga makofi nyuma kidogo ya mdundo, usimsahihishe.* Siku ile akaniambia, "Mimi nimeleta wa susu yangu. Sasa wewe leta wa kwenu."

Wa kwetu. Niliondoka Burundi nina miaka mitano. Ninachokumbuka ni mlango wa buluu na mbuzi wa jirani. Kesho yake nikapiga kitu nilichokuwa nacho kichwani wiki kadhaa. Abby akatoa kalamu.

"Umetoka kwa nani?"

Ningesema *kwangu*, angeniangalia. Mimi nikiangaliwa hivyo nasahau hata jina langu.

"Kwa Bibi," nikasema. "Bibi Marcelline. Muyinga."

Akaandika.

Alhamisi, 24 Julai

Baridi. Mama amerudi kutoka kiwandani Pinetown saa kumi na mbili na robo. Nilimsikia kwenye ngazi, akasimama ghorofa ya pili kama kawaida, akahamishia mkoba mkono wa pili, akaendelea. Maharage.

Jumamosi, 2 Agosti

Kituo cha muziki Glenwood. Mwalimu Bupe, ambaye ni mtu wa Mbeya na hapendi kelele isipokuwa ya vyombo, ametangaza onyesho la Sikukuu ya Urithi, tarehe 24 Septemba. Kila kikundi kitapiga wimbo mmoja wa asili ya kwao. Kila wimbo utarekodiwa na kuwekwa kwenye maktaba ya kituo na jina la mzee aliyeutoa.

"Utakaa humo," akasema, "hata mimi nikishazeeka na ninyi mkishanisahau."

Kabla sijafungua mdomo Abby alikuwa ameshanyoosha mkono. "Sisi tuna wa bibi yake Kaneza!"

"Ule wenye pumziko katikati?" Mwalimu Bupe aliusikia Juni. "Basi Lifti Mbovu mtafunga onyesho."

Abby alinipiga begani mara tatu kwa furaha. Mimi niliangalia fidla. Si yangu, ni ya kituo, ina namba 11 shingoni kwa rangi nyeupe. Namba 11 haijasema uongo wowote.

Jumapili, 10 Agosti

Tumempigia Bibi. Mama alipokwenda jikoni nikanong'ona, "Bibi, wewe ulikuwa unaimba nyimbo gani ukiwa msichana?"

Bibi alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mie? Kuimba? Kwaya ilinitoa, mwanangu! Mwalimu wa kwaya alisema, Marcelline, wewe piga makofi tu, na makofi yenyewe taratibu."

Mama akasikia, akacheka naye kutoka jikoni. "Mama yangu akiimba, kuku wanahama!"

Kwa hiyo kati ya bibi wote wa Burundi nimemchagua huyo.

Jumatano, 13 Agosti

Upepo. Mama alisimama ghorofa ya pili muda mrefu kidogo leo.

Jumamosi, 16 Agosti

Abby anataka sauti ya Bibi. "Hata kidogo tu, aimbe kwenye simu, tuiweke mwanzo kabla hatujaingia. Aki, Kaneza, watu watalia."

Nikasema kule network ni mbaya.

"Basi siku network iko poa."

Nikasema Bibi ana jino.

"Jino gani la mwezi mzima?"

Nikasema nitamuuliza. Halafu nikapiga vibaya mazoezi yote na yeye akadhani nina wasiwasi kuhusu Bibi. Alinipa nusu ya mkate wake.

Jumapili, 31 Agosti

Leo nitaandika sana, mvua haipo lakini mimi nimelowa.

Baada ya ibada tulipiga kwenye ukumbi wa nyuma, watu wakiwa na chai. Wimbo wa Kikamba ukapita vizuri. Ukaja wa Bibi. Tulipofika kwenye pumziko, pale ninapoondoa upinde na Abby anaziba nyuzi na kiganja, hesabu nne za kimya, nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Tukamaliza. Papa Baudouin akasimama. Papa Baudouin anashona viatu Umbilo Road na anakumbuka kila kitu.

"Acheni makofi, acheni! Huo wimbo mie naujua. Tuliuimba Muyinga tukipura maharage."

"Muyinga wapi?" Mama Félicité, mwenye saluni, hakusimama hata. "Huo ni wa kwetu Makamba, kusini. Tunampeleka bibi harusi. Na haukimbizwi hivyo, watoto wanaukimbiza."

"Unakimbizwa! Maharage yanapurwa polepole?"

"Baudouin, wewe maharage umeyapura lini? Baba yako alikuwa na duka."

Ukumbi ukaangua kicheko. Abby ameshatoa kadi na kalamu, macho yanang'aa. "Papa, na pale unaponyamaza, maana yake nini?"

Papa Baudouin akanyanyua mkono juu ya kichwa, akaushikilia hapo. "Pale fimbo iko juu. Iko juu, bado haijashuka. Voilà."

"Pale bibi harusi anaangalia nyuma," akasema Mama Félicité.

Abby akaandika vyote viwili. Papa Baudouin akaja akanishika kichwa kwa mikono yake inayonukia gundi. "Asante, binti yangu. Nilikuwa nimeusahau. Umenirudishia shamba la mama yangu." Na macho yake yalikuwa na machozi kweli. Hayo si ya kuigiza.

Ningesema pale pale. Nilikuwa na mdomo. Nikasema, "Karibu, Papa."

Mama hakucheka na wengine wala hakupiga makofi. Alisikiliza wimbo wote ameinamisha kichwa, namna anavyosikiliza cherehani ya kiwandani ikiwa na kasoro. Njiani akaniuliza, "Huo Bibi kakufundisha lini?"

"Kwenye simu."

Tulitembea mpaka kwenye robot, taa za barabarani. Ikawa kijani. "Sawa," akasema Mama.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimechukia watu wote wanaokumbuka.

Jumamosi, 6 Septemba

Abby ana wimbo wake mwenyewe. Nilikuwa sijui. Yaani nilijua kuna ile jazi anayoipiga akisubiri nikaze nyuzi, lakini sikujua ni yake. Alikuwa amemwomba Mwalimu Bupe dakika tatu kwenye onyesho.

Leo ameufuta kwenye orodha, kwa kalamu, mistari miwili.

"Mbona?"

"Tuurefushe ule wa bibi yako. Ukiuweka wangu pembeni yake unaonekana, sijui, kama homework." Alikuwa anafunga mfuko wa banjo, haniangalii. "Wale wazee wa zamani waliketi na wimbo miaka mia, ukasuguliwa na watu wengi. Mtu mmoja hawezi kutoa kitu kama hicho kwenye flat. Nimekubali tu. Mimi ni wa kupiga, si wa kutunga."

"Wako ni mzuri."

"Usinionee huruma, Kaneza."

Nimerudi ndani nikalala chali na fidla tumboni. Nilidhani uongo wangu unaniumiza mimi peke yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama amesimama ghorofa ya pili. Sikuweza kusikiliza. Nilifungulia maji ya bomba.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimesema.

Tulikuwa kwenye ngazi, saa nne asubuhi, yeye ngazi ya juu, mimi ya chini. Abby alikuja na kadi mpya, ameiandika vizuri kwa ajili ya maktaba ya kituo. *Asili ya Burundi. Umetolewa na Bibi Marcelline. Wimbo wa kupura maharage, au wa harusi.* Chini ameacha mstari. "Weka sahihi yako hapo, ndiyo ipelekwe kwa Mwalimu Bupe."

Nikashika kalamu. Niliona jina la Bibi, Bibi wa kupiga makofi taratibu.

"Si wa Bibi," nikasema.

"Ni wa mama yake Bibi?"

"Ni wangu. Niliutunga. Mwezi wa tano."

"Rudia."

Nikarudia. Sauti yangu ilitoka ndogo lakini ngazi zile zinakuza kila kitu, ikashuka mpaka chini kabisa.

"Na ile sehemu inayonyamaza?"

"Ni Mama." Sikuwahi kuyaweka haya kwenye maneno, yakatoka yamechanganyikana. "Akirudi kazini. Anapanda, hatua zake ndiyo ule mwanzo. Akifika ghorofa ya pili anachoka, anasimama, anahamisha mkoba mkono. Hesabu nne. Nikiwa ndani nasubiri. Kila siku kwenye zile nne nafikiri labda leo hataendelea. Halafu anaendelea."

Abby aliangalia chini, ghorofa ya pili, ile sakafu ya kijivu yenye chupa za jirani.

"Na Papa Baudouin? Maharage?"

"Sijui, Abby. Aliyaona tu." Na hapo nikacheka, Mungu anisamehe, kicheko cha woga.

"Usicheke." Alisimama. "Mimi nimefuta wa kwangu. Nimekaa nikijiambia siwezi, kwa sababu ya wazee ambao hawapo. Na wewe ulikuwa umekaa hapo, unaniangalia nikifuta."

"Samahani."

"Wacha kwanza."

Alichukua kadi, akachukua banjo, akashuka. Mfuko uligonga kila ngazi mpaka mlango wa chini.

Jumapili, 14 Septemba

Hakuna ujumbe.

Jumatatu, 15 Septemba

Hakuna.

Jumatano, 17 Septemba

Hakuna. Mama: "Mwenzako yuko wapi wiki hii?" Nikasema ana mitihani. Mama: "Nyote si mna mitihani?" Akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Bupe baada ya shule na kumwambia atutoe. Nikamwambia na sababu. Alikuwa anapaka nta kwenye pinde, moja baada ya nyingine, hakuacha.

"Abby alikuja Jumatatu," akasema. "Alisema nisiguse orodha mpaka yeye aseme."

"Alisema nini kuhusu mimi?"

"Alisema ana hasira na hajui aiweke wapi. Nikamwambia aiweke kwenye banjo, chombo chenyewe kinaipenda." Akanipa upinde mmoja niujaribu. "Kuhusu wewe, Kaneza. Mimi nikiwa na wimbo kama ule ningetembea Durban nzima nikigonga milango ya watu. Wewe umeuficha nyuma ya bibi kizee. Nenda nyumbani."

Jumamosi, 20 Septemba

Mvua ya kwanza. Imeanza alfajiri, mabomba ya ukuta yote yanaimba.

Saa tatu nikasikia mtu kwenye ngazi anapanda, nikajua si Mama, Mama alikuwa kitandani. Hatua mbili mbili. Akafika ghorofa ya pili akasimama. Hesabu nne. Kisha akapanda.

Nilifungua kabla hajagonga. Abby alikuwa amelowa, mfuko wa banjo ameuvalisha mfuko wa takataka.

"Nimejaribu," akasema. "Pale chini. Ni kweli, mtu anasimama. Zile ngazi za kwanza ni ndefu kuliko hizi."

"Ndiyo."

"Bado nina hasira, usifikirie."

"Sawa."

"Lakini kuna kitu kingine." Akakaa kwenye ngazi, maji yanamtiririka. "Siku ya kwanza nilikuwa na hasira tu. Ya pili nikaanza kufikiri, kumbe si wazee. Kumbe hakuna miaka mia. Ni huyu Kaneza, hawezi hata kuagiza chipsi dukani mpaka mimi nimuagizie, ameketi kwenye flat akasikiliza mama yake. Basi na mimi naweza. Unaelewa? Nilikuwa nimefunga mlango, halafu nikaona haukuwa na kufuli." Akafuta pua. "Ile jazi yangu inarudi kwenye orodha."

Niliitikia kwa kichwa, nikamletea taulo.

Akatoa kadi mpya, tupu. "Umetoka kwa nani?"

Nikamwambia. Jina zima, Kaneza Nimbona. Wapi? Ngazi, Umbilo. Namna yake?

"Usiharakishe pumziko," nikasema.

"Unaitwaje?"

Haukuwahi kuwa na jina. "Ghorofa ya Pili."

Aliandika yote. Kisha akasema masharti mawili: kadi nitaisoma mimi mwenyewe jukwaani, kwa mdomo wangu, na Papa Baudouin nitamwambia mimi mwenyewe.

"La pili ni baya zaidi," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana."

Jumatano, 24 Septemba

Nimerudi. Vidole vinanuka nta. Naandika haraka kabla sijasahau.

Ukumbi ulijaa. Watu wa mashuka ya Kizulu na shanga, Wahindi wenye ngoma zao, wasichana wa Kikongo na vitenge. Mama safu ya tatu, amevaa gauni la Krismasi. Papa Baudouin mbele kabisa, ameshaanza kumweleza jirani kuhusu maharage.

Nilimfuata kabla ya zamu yetu. Nilipiga magoti kando ya kiti chake ili nisione watu.

"Papa, ule wimbo si wa zamani. Niliutunga mimi. Nilisema uongo. Naomba unisamehe."

Nyuma yake Mama Félicité aliacha kutafuna.

"Lakini nimeukumbuka," akasema Papa Baudouin.

"Ndiyo, Papa."

"Na shamba nimeliona. Na mama yangu amefunga kitambaa."

"Ndiyo, Papa."

Akafikiri. "Basi hilo shamba ni langu, wewe hukulitunga hilo. Wimbo chukua." Akamgeukia Mama Félicité. "Na wewe na harusi yako ya Makamba, umesikia?"

"Mimi nilisema tangu mwanzo watoto wanaukimbiza," akasema Mama Félicité, akaendelea kutafuna.

Jukwaani nikasoma kadi. Sauti ilitoka. Nikasema jina langu kwa watu mia tatu. Abby akapiga jazi yake kwanza, dakika tatu, na mtu mmoja huko nyuma akapiga mluzi, nikaona Abby ameinamisha uso akitabasamu. Kisha tukaingia wa kwangu. Tulianza taratibu kama klasiki, Abby akanifungulia kwa gitaa, akabadili akashika banjo, tukakimbia, na katikati ya mbio, kimya. Moja, mbili, tatu, nne. Ukumbi wote ukasimama nasi kwenye ngazi. Halafu tukapanda.

Sikumbuki makofi. Nakumbuka nilipumua mpaka chini kabisa ya mapafu, mahali ambapo hewa haikuwa imefika tangu Juni.

Kwenye taxi Mama akasema, "Ghorofa ya Pili. Mbona sisi tunakaa ya tatu?"

"Ni jina tu, Mama."

"Sawa," akasema. Ile ile sawa ya kwenye robot.

Jumapili, 28 Septemba

Bibi anataka tumpigie huo wimbo kwenye simu. Amepiga makofi. Taratibu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Muhula umekwisha. Mvua inanyesha ile ya kweli sasa. Mwalimu Bupe ameniambia namba 11 ikae kwangu likizo yote. Abby ana mwanzo wa wimbo mpya, ananikataza kusema ni mzuri mpaka ufike mwisho. Lifti imetengenezwa Jumatatu, inapanda inanguruma kama mgonjwa, na Abby anasema jina hatubadilishi, itakufa tena tu.

Kuhusu Mama sijamwambia mtu isipokuwa Abby. Hajui kuwa ni yeye. Nitamwambia, nafikiri, siku moja tukiwa tunachambua mchele na hatuangaliani. Nimeanza kuandika hapa namna nitakavyo

Subiri.

Kuna mtu kwenye ngazi. Saa kumi na mbili na robo. Lifti inafanya kazi, naisikia kabisa imekaa chini na mlango wazi, na yeye anapanda kwa miguu na mkoba wake. Hatua zile. Hakosei hata moja.

Amesimama. Ghorofa ya pili.

Moja, mbili, tatu, nne.

Hajaendelea. Tano. Sita. Anaimba, kwa kufunga mdomo, sauti aliyorithi kwa Bibi, kuku wangehama. Anaimba ile sehemu inayokuja baada ya kimya.

Anajua. Sijui tangu lini. Labda tangu ukumbini na chai.

Sasa anapanda. Nafunga, naliweka daftari chini ya namba 11. Ufunguo uko mlangoni.